Kumchagua Babu

Watu husema kwamba mtu hachagui wa kumzaa. Neno hilo ni kweli kwa baba na mama. Kwa babu wa mbali kweli yake hupungua, kwa sababu kila apandaye juu katika nasaba yake hufika mahali ambapo njia ni nyingi kuliko miguu yake, akafuata moja akaziacha nyingine. Hesabu ya jambo hili ni nyepesi. Wazazi ni 2. Wazazi wao ni 4. Juu ya hao wako 8, na juu ya hao 8 wako 16. Basi mtu aliye kilembwe wa fulani ni kilembwe wa watu 16, wanaume 8 na wanawake 8, na wote wana haki sawa ya kuitwa asili yake. Akisimama mbele ya wageni akasema, "Mimi ni wa ukoo wa balozi fulani," hakusema uongo. Amesema sehemu moja ya kweli akazinyamazia sehemu 15.

Nataka kuuliza katika insha hii kama kunyamaza huko kuna lawama, na kama kuna lawama, ni lawama ya namna gani. Swali hili si mchezo wa wavivu. Dunia ya leo imejaa watu watafutao asili zao. Wengine hupekua madaftari ya makanisa, wengine hutema mate katika kichupa wakayapeleka maabara, wengine huvuka bahari kwenda kushika jiwe la kaburi ambalo maandishi yake hawawezi kuyasoma. Mtu hatumii muda na mali kiasi hicho kwa jambo ambalo moyo wake haukulitia maana. Yuko anachokitafuta, na aghalabu anajua sura yake kabla hajakipata.

Mfano wangu ni Mswidi aliyehamia Marekani akawa konseli. Mwenzangu mmoja aliniuliza mwalimu wa Kiswahili anatafuta nini katika Uswidi. Nilimjibu kwamba nasaba za karibu huwatia watu hasira kabla hawajafikiri, bali nasaba ya mbali hutazamwa kwa utulivu, na mtazamaji arudipo nyumbani macho yake yamekwisha kuzoea.

Hans Mattson alizaliwa mwezi wa Desemba 1832 katika usharika wa Önnestad, karibu na mji wa Kristianstad, katika jimbo la Skåne, kusini kabisa mwa Uswidi. Watu wake walikuwa wakulima. Alipata elimu kidogo mjini, akaonja uaskari, na mwaka 1851, umri wake ukiwa miaka 18, akapanda merikebu kwenda Marekani. Huko dunia haikumpokea kwa mikono miwili. Alifanya kazi za sulubu, akaugua homa, akaona umaskini ambao nyumbani kwao hakuuona. Mwaka 1853 alifika Minnesota, na pamoja na Waswidi wenzake akapiga kambi mahali ambapo kwanza paliitwa kwa jina lake, kisha pakaitwa Vasa, jina la ukoo wa wafalme wa zamani wa Uswidi. Akasoma sheria katika mji wa jirani uitwao Red Wing. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 aliwakusanya vijana wa Skandinavia, wakaingia katika Kikosi cha 3 cha Minnesota, naye akapanda cheo hata akawa kanali. Baada ya vita alishika kazi ya kuwaita wahamiaji waje Minnesota, kwanza kwa niaba ya serikali ya jimbo, baadaye kwa niaba ya makampuni ya reli. Alikuwa Katibu wa Jimbo mara mbili, tangu 1870 mpaka 1872, na tangu 1887 mpaka 1891. Alihariri magazeti ya Kiswidi. Katikati ya hayo, mwaka 1881, alitumwa Calcutta kuwa Konseli Mkuu wa Marekani katika Bara Hindi, akakaa huko mpaka 1883. Mwaka 1891 kitabu chake cha kumbukumbu za maisha yake kilitolewa kwa Kiingereza, akakiita habari ya mhamiaji. Alifariki Minneapolis mwezi wa Machi 1893.

Hapana mtu mwenye insafu atakayesoma maisha haya akayadharau. Kijana wa shamba asiyejua Kiingereza amekuwa mwanasheria, kanali, katibu na konseli. Ikiwa nitamtia katika mizani hapa, si kwa sababu ya kumchukia.

Sasa tumchukulie kilembwe wa mtu kama huyu, aliyezaliwa Marekani, asiyejua neno la Kiswidi ila majina ya vyakula viwili vitatu vya Krismasi. Siku moja anasikia kwamba mmoja wa mababu zake alikuwa balozi. Neno hilo linamwasha. Katika maisha ya miaka 60, ukonseli ulichukua miaka miwili tu, lakini miaka hiyo miwili ndiyo itakayotundikwa ukutani. Miaka ya homa na jembe, ambayo kwa fikira zangu ndiyo iliyomfanya mtu kuwa mtu, itafungwa katika sanduku. Wala konseli wa siku zile si yule balozi anayefikiriwa na wazao, mwenye kofia ya manyoya mbele ya wafalme. Calcutta palikuwa makao makuu ya utawala wa Kiingereza katika Bara Hindi. Konseli wa Marekani alikuwa hapo kuangalia hati za meli, kuwasaidia mabaharia waliokwama bandarini, na kuandika taarifa za biashara ya juti, magunia, ngozi na shura. Na vyeo vya namna hiyo wakati ule aghalabu vilikuwa shukrani ya chama kwa mtu aliyekitumikia. Mtu ambaye sauti yake ilisikilizwa na wapiga kura wa Skandinavia alikuwa na thamani kubwa kwa chama cha Republican. Nayasema haya ili cheo kipate kimo chake cha haki tu. Ni kazi ya heshima, nayo ni kazi ya ofisini.

Kilembwe wetu, baada ya kusoma yote aliyoyapata Marekani, anataka kupanda juu ya konseli. Hapo ndipo anapokutana na daftari la mchungaji, na daftari hilo, kwangu mimi, ni kitabu cha ajabu kuliko kumbukumbu zote za makanali.

Sheria ya kanisa ya mwaka 1686 iliwataka wachungaji wa Uswidi waandike habari za waumini wao: waliozaliwa, waliobatizwa, waliooana, waliozikwa, waliohama na waliohamia. Juu ya hayo mchungaji alikwenda nyumba kwa nyumba kuwapima watu kama wanajua kusoma na kama wanaifahamu Katekisimo, akaandika alama mbele ya jina la kila mmoja. Daftari lilipangwa kwa shamba, si kwa ukoo. Kwa hiyo ukurasa mmoja humtaja mwenye shamba, kisha mkewe, kisha watoto wao, kisha watumishi wa kiume na wa kike, kisha mzee aliyepewa chumba cha pembeni, kisha mjane asiye na mahali. Mwishoni kuna nafasi ya maneno machache: huyu amepatwa na ndui, huyu amehamia usharika wa pili, huyu amezaa nje ya ndoa, huyu haoni. Mtumishi wa kike aliyekaa shambani mwaka mmoja ana mstari wake kama bwana aliyekaa miaka 40. Mtu alipokufa au alipohama, kalamu ilipita juu ya jina lake. Ndivyo ilivyokuwa kwa wahamiaji wa Marekani pia: jina, tarehe, neno Amerika, kisha mstari wa kufuta. Kati ya katikati ya karne ya 19 na mwaka 1930 Waswidi zaidi ya milioni moja walihama namna hiyo. Nyumbani kwao mashujaa wa kesho walikuwa majina yaliyofutwa.

Sina maana kwamba wachungaji hao walikuwa malaika wa usawa. Walikuwa watumishi wa serikali na kanisa, na daftari lao lilikuwa chombo cha kuwatawala watu. Maskini aliandikwa ili asiponyoke. Lakini chombo hicho, kwa bahati njema, kimewaacha katika karatasi watu ambao hakuna aliyekusudia wakumbukwe. Atafutaye asili ya balozi hawezi kumpata isipokuwa macho yake yapite juu ya mjane, na juu ya mtumishi aliyezaa nje ya ndoa, na juu ya watoto watatu wa jina moja ambao wawili wa kwanza walikufa. Inawezekana kabisa kwamba yule mtumishi naye ni miongoni mwa wale 16. Kitabu cha kanali kilimwonyesha mtu mmoja akisimama peke yake. Daftari linaonyesha shamba zima. Kama kweli tunatafuta asili, nasema asili ni ule ukurasa.

Tena daftari huleta taabu nyingine ambayo msomaji wa Kiswahili ataielewa upesi kuliko Mmarekani. Waswidi wa mashambani hawakuwa na majina ya ukoo. Hans aliitwa Mattsson kwa kuwa alikuwa mwana wa Matts. Kama Matts alikuwa mwana wa Lars, basi yeye aliitwa Larsson, na binti zake wakaitwa Mattsdotter, yaani binti Matts. Mwanamke alipoolewa hakuliacha jina la baba yake. Desturi hii ni sawasawa na ya pwani yetu. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, jina la kitabu lilitosha kumwambia msomaji mwimbaji huyo ni binti wa nani, na hapana ndoa iliyoweza kumwondolea jina hilo. Katika Uswidi jina la ukoo halikulazimishwa na sheria mpaka mwaka 1901. Marekani ililigandisha mapema zaidi. Watoto wa Hans wakawa Mattson, ingawa baba yao hakuwa Matts, na wajukuu vivyo hivyo. Wanawake ndio waliopoteza zaidi. Mke wa Hans hutajwa katika habari za Kimarekani kuwa ni Cherstin Peterson, yaani, ukilifasiri jina neno kwa neno, Cherstin mwana wa kiume wa Peter. Binti amefanywa mwana wa kiume kwa kalamu ya karani. Kilembwe asiyejua desturi hii atapanda juu kwa jina la Mattson, atagonga ukuta baada ya hatua moja, na kwa kuwa upande wa mama majina yamebadilika, aghalabu ataacha kupanda upande huo. Kwa hiyo uchaguzi wa babu huanza kabla mtu hajakusudia kuchagua. Majina yamekwisha kumchagulia mwanamume, na cheo kimekwisha kumchagulia mwanamume yupi.

Nitaongeza neno moja dogo la pembeni. Skåne haikuwa nchi ya Uswidi mpaka 1658, wakati ilipotwaliwa kutoka kwa Denmark kwa mapatano ya amani ya Roskilde. Na mji wa Kristianstad ulijengwa na mfalme wa Denmark mwaka 1614 ukaitwa kwa jina lake. Aonaye fahari ya Uswidi wake, akipanda vizazi vichache tu juu ya balozi wake, atakuta raia wa Denmark. Sijui kama atafurahi.

Mpaka hapa nimesema habari ya kuwaacha watu wa nyumba yake mwenyewe. Lakini kuna kuacha kuliko kuzito zaidi, nako kunahusu watu ambao hawamo katika daftari la mchungaji wala katika wale 16.

Katika majira yale yale ya joto ya mwaka 1851, Hans Mattson alipokuwa mgeni wa majuma machache katika Marekani, wakuu wa Wadakota walitia alama zao katika mapatano mawili: la kwanza mahali paitwapo Traverse des Sioux, tarehe 23 Julai, na la pili Mendota, tarehe 5 Agosti. Kwa mapatano hayo ardhi yao ya kusini mwa Minnesota, zaidi ya eka milioni 20, ilitoka mikononi mwao wakabakiwa na ukanda mwembamba kando ya mto. Huko Traverse des Sioux, baada ya kutia alama katika mapatano, waliwekewa karatasi nyingine, na kwa karatasi hiyo sehemu ya fedha zao ilikwenda kwa wafanyabiashara waliosema wanawadai. Miaka miwili baadaye kijana wa Önnestad akafika akakata miti katika wilaya ya Goodhue. Mji wa Red Wing aliosomea sheria unaitwa kwa jina la wakuu wa Kidakota waliokaa pale.

Mwaka 1862 malipo ya Wadakota yalichelewa, na njaa ikawaingia. Mwezi wa Agosti vita vikazuka. Mamia ya wahamiaji, wake kwa waume na watoto, waliuawa, na miongoni mwao walikuwamo Waswidi waliokuwa maskini kama alivyokuwa Hans siku ya kwanza. Kikosi cha 3 cha Minnesota, ambacho kilikuwa kimesalimu amri kwa majeshi ya Kusini huko Murfreesboro mwezi wa Julai, kilirudishwa nyumbani, na watu wake wakapigana na Wadakota huko Wood Lake mwezi wa Septemba. Watu 303 walihukumiwa kufa katika mashauri ambayo mengine hayakuchukua hata robo ya saa. Rais Lincoln aliwapunguza, na tarehe 26 Desemba 1862 watu 38 wakanyongwa kwa pamoja mjini Mankato. Wake, watoto na wazee wapatao 1,600 walikaa baridi nzima katika uzio chini ya ngome ya Fort Snelling, wengi wakafa, na mwaka 1863 waliosalia wakafukuzwa Minnesota. Majina ya wakuu wa jamaa waliofungwa humo yaliandikwa. Leo wako wazao wa Wadakota ambao nasaba yao huanzia katika orodha hiyo, kama nasaba ya Mswidi inavyoanzia katika daftari la mchungaji.

Baadaye kanali wetu aliajiriwa kuwaleta Waswidi zaidi. Makampuni ya reli yalikuwa yamepewa na serikali mapande makubwa ya ardhi kandokando ya njia zao, na ardhi isiyo na wakulima haina mizigo ya kupakia garini. Uswidi nayo ilikuwa imetoka katika miaka ya njaa, tangu 1867 mpaka 1869. Wakala aliyesimama kati ya njaa ya huku na ardhi ya kule, akalipwa mshahara kwa kuziunganisha, hakufanya dhambi. Aliwaokoa wengi. Lakini ardhi ile ilikuwa na habari yake, na katika matangazo ya wakala yeyote habari hiyo haikuwa bidhaa ya kuuzika.

Sasa naweza kulishika swali langu vizuri. Kilembwe anajivunia ukanali na ukonseli. Mimi namwonyesha Mankato. Ananijibu kwa haki: "Mimi sikuwanyang'anya Wadakota kitu, nilikuwa sijazaliwa." Namwambia: "Wala hukuwa Calcutta." Akikubali kwamba heshima ya babu humfikia, amekubali kanuni kwamba matendo huvuka vizazi, na kanuni hiyo haiwezi kuamriwa isimame mlangoni mara ionekanapo aibu. Akikataa kwamba aibu humfikia, kwa kuwa kila mtu hubeba tendo lake, basi na amteremshe balozi ukutani.

Wako watakaosema kwamba njia ya mkato ni kuyakataa yote mawili. Kila mtu azaliwe mpya, asiwe na fahari wala fedheha ya jana. Fikira hii ni safi, na kwa usafi wake haikai mahali popote. Mtu huyo mpya amezaliwa katika nyumba, nyumba imejengwa juu ya kiwanja, kiwanja kina hati, na hati ina tarehe ya kwanza. Amesomeshwa kwa fedha iliyotoka katika shamba. Hata lugha ya kutangazia upya wake aliirithi.

Naona kosa la mabishano haya ni kuchanganya hatia na deni. Hatia ni ya mtendaji, naye huenda nayo kaburini. Deni haliendi kaburini. Hukaa katika mali. Sheria ya mirathi ya Kiislamu, inayojulikana vema katika pwani yetu, imelitenganisha jambo hili kwa werevu mkubwa: marehemu akifa, madeni yake hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha kabla warithi hawajagawana, wala mrithi hadaiwi zaidi ya kile kilichoachwa. Hapana mtu anayemwita mrithi mwizi. Hapana pia anayemruhusu agawe mali huku amewafungia mlango wadai. Jina jema, ardhi, cheo kilichofungua milango kwa watoto, hivyo vyote ni mali iliyoachwa. Wenye kuidai wana haki ya kusomwa majina yao siku ya kugawa.

Je, mtafutaji wa nasaba, ambaye pengine hana shamba wala kiwanja, atalipa nini? Walau anacho kitu kimoja ambacho ni chake mwenyewe, nacho ni namna ya kusimulia. Ni yeye anayeandika karatasi watakayoisoma watoto wake. Wahenga walisema mwana kidonda, mjukuu kovu. Nitaiazima methali hiyo kwa maana isiyo yake kabisa, niseme kwamba kovu haliumi, na kwa sababu haliumi ni rahisi kulifunika. Alifunikaye hajidhuru mwenyewe. Anamdhuru mtu wa pili, yule ambaye habari ya babu yake mwenyewe imefungwa katika habari ile ile, na bila nusu hii nusu yake haisomeki.

Pingamizo moja naliheshimu. Mtoto, hasa mtoto wa wahamiaji, anahitaji mzee wa kuegemea. Umwambiapo kwamba babu yake alikuwa kanali, unampa mgongo ulionyooka. Umwambiapo yote kwa mara moja, unaweza kumvunja. Ni kweli. Mwacha asili ni mtumwa, na mtu aliyedharauliwa ana haki ya kutafuta mahali pa kusimama. Lakini sioni kwa nini mahali hapo pawe ni cheo. Kijana aliyelala na homa katika nchi asiyojua lugha yake, akaamka akajifunza, ni mzee wa kutosha kuegemewa. Mjane katika chumba cha pembeni, ambaye mchungaji aliandika kwamba anasoma vizuri, naye anatosha. Kukata kiu kwa balozi peke yake ni dalili kwamba mtoto hajaambiwa kuwa watu wasio na vyeo nao ni watu.

Msomaji wa pwani amekwisha kuona ninakokwenda. Habari za kale za Kilwa, zilizoandikwa na Mreno João de Barros mwaka 1552 na kuhifadhiwa pia kwa Kiarabu, husimulia wana wa mfalme waliotoka Shiraz kwa majahazi. Kwa muda mrefu wako waliozisadiki neno kwa neno, na wako waliozicheka. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza katika jarida la Nature uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa pwani, wengi wao waliozikwa kati ya karne ya 13 na ya 19. Walikuta kweli damu ya Uajemi iliyoanza kuingia yapata mwaka 1000, nayo kwa wingi imetoka kwa wanaume; na walikuta kwamba katika wengi wao zaidi ya nusu ya asili ni ya Afrika, na hiyo kwa wingi imetoka kwa wanawake. Basi wasimulizi hawakudanganya kuhusu jahazi. Walichagua. Walimtaja aliyefika, wakamwacha aliyekuwa nyumbani akampokea, ambaye lugha yake ndiyo tunayoandikia insha hizi. Kwa nini jina lake lisitajwe hata mara moja katika karne hizo zote ni jambo la kufikiriwa na kila mwenye nasaba iliyofungwa katika kitambaa cha hariri.

Namrudia kilembwe wa konseli, maana karatasi yake bado iko mezani na kalamu i mkononi. Akiniuliza aandike nini, sitamwambia amwondoe Hans Mattson. Amwandike kwa urefu, pamoja na homa yake. Jina la Cherstin aliandike kama alivyoitwa kwao, kwa jina la baba yake na neno la binti. Awaandike wale wa ukurasa wa shamba, hata wale ambao hajui kama ni wake. Kisha mbele ya mwaka 1851 aache nafasi pana kuliko miaka mingine, kwa sababu mwaka huo una mistari miwili ya kuandikwa: mmoja wa merikebu, na mmoja wa tarehe 23 Julai.